Sheni Inalia, Mzee Anasema Supape

Nianze na linaloniudhi, maana nikianza na salamu nitapoa. Nyinyi vijana wa gereji za Kamembe mnabadilisha sheni ya injini na kuziacha patini za zamani mahali pake. Sheni mpya inang'aa, patini zimekuwa biskuti. Gari likirudi baada ya msimu mmoja mnakuna vichwa na kusema sheni za siku hizi ni feki. Sheni si feki. Kazi ndiyo feki.

Kwa wale ambao hawajafungua injini hata moja na wanaitwa fundi kwa sababu ya ovaroli tu, nieleze. Sheni ni mnyororo ulio mbele ya injini, nyuma ya kifuniko kikubwa, unaozungusha vyuma vya juu vinavyofungua supape, zile vali za kuingiza hewa na kutoa moshi. Patini ni vile vibao viwili virefu vinavyouelekeza huku na huku usipepesuke. Kwenye pikapu za petroli za zamani, zile zilizotutoa jasho sisi, patini zilikuwa za plastiki. Plastiki ikizeeka ndani ya mafuta ya moto hukauka, hupasuka, na vipande huanguka chini kwenye karteri, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Hapo sheni haina tena wa kuishika. Inakipiga kifuniko kwa ndani na kukikwangua kama tupa, na nyuma ya ukuta ule mwembamba kuna njia ya maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta huu ukitoboka hujengi kitu. Maji yanaingia kwenye mafuta, mafuta yanageuka rangi ya chai ya maziwa, na injini unaiuza kwa wanaonunua vyuma.

Na msiniambie kwamba ni vigumu kuijua. Asubuhi injini ikiwa baridi, sheni iliyolegea inalia mbele, kra-kra-kra, kisha inatulia mafuta yakishapanda, kwa sababu kile kidude kinachoikaza kinasukumwa na presha ya mafuta. Supape zilizolegea zinalia juu, tik-tik-tik, na haziachi. Mchunga mbuzi wa Mururu ukimsikilizisha mara moja hatakosea tena. Lakini gereji yetu nzima, mafundi wa kutegemewa, ilikaa miezi na miezi ikisema supape, supape, huku sheni ikila kifuniko. Mpaka leo nikikumbuka jambo lile damu inanichemka.

Gereji ilikuwa ya Mzee Hamisi, chini kidogo ya soko. Ujana wake aliumalizia kwenye gereji za Bukavu, na karibu kila fundi Mwislamu wa Kamembe wa rika langu amepita mikononi mwake, pamoja na Wakristo kadhaa. Alikuwa na kijiti cha mti wa kahawa, kimelainika kwa kushikwa. Gari likija, aliweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafumba macho, kisha akatamka ugonjwa. Akishatamka, basi. Akisema pampu ya maji, hukufungua kitu kingine hata kama moshi unakutokea usoni. Alikuwa akipatia, ndiyo maana tulizoea.

Desturi ya pili ilihusu namna ya kuongea naye. Kwa mzee aliyekufundisha kazi ulizungumza macho chini, kofia mkononi, sauti ya chini. Kupaza sauti mbele yake kulikuwa utovu wa adabu, na habari ingefika kwa mama yako kabla wewe hujafika. Tulilelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha tufanye nini ikiwa mkuu ndiye asiyesikia.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya yaliyotupata hapa Rwanda, vita vimehamia ng'ambo, Congo, na daraja la Rusizi lilikuwa likifungwa na kufunguliwa bila mtu kuambiwa. Pikapu nyingi zilivuka na nyingi hazikurudi. Kwa hiyo aliyekuwa na pikapu yake Kamembe alikuwa na mali ya kulindwa. Maman Bahati alikuwa nayo moja, nyeupe iliyochujuka, aliyoachiwa na mumewe ambaye aliondoka asirudi. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa Bukavu, ameolewa kwetu. Aliwalea watoto aliowazaa na wengine aliowaokota katika mwaka ambao sitausimulia hapa. Sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, waliovuliwa kisiwani Nkombo aliwateremsha Bugarama, akirudi anapandisha mchele. Wote nyumbani kwake walikula kutokana na injini ile. Ikifa, hakukuwa na nyingine, na hakukuwa na ndugu wa kumkimbilia. Jambo hilo kila mtu pale gereji alilijua.

Mara ya kwanza alikuja na shofere wake, Sibo.

"Papa Hamisi," alisema, "ii motere iko inalia asubui. Batoto banaamuka mbele ya jogoo juu ya ile kelele."

Mzee akaweka kijiti, akafumba macho. "Supape," akasema. "Yusufu, regle supape."

Yusufu ni mimi. Nilikuwa nimeshasikia kra-kra wakati gari linaingia, injini bado baridi. Nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti ya msikitini, "Mzee, pengine tuangalie na mbele kidogo." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kuketi. Nikamtazama Déo, fundi mwenzangu wa Mururu. Déo akainua mabega. Nikarekebisha supape ambazo hazikuwa na shida yoyote.

Maman Bahati akarudi. Supape. Akarudi tena. Supape! Nilisema tena, kwa adabu ile ile, na Déo naye akasema kwa adabu yake, na kila mara Mzee aliitikia kwa kichwa, na kila mara neno likabaki lile lile. Nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Nilidhani ananidharau. Nilidhani uzee umemtia kiburi. Nikamwambia mke wangu kwamba Mzee Hamisi ananisikia vizuri kabisa na ananipuuza makusudi, na mke wangu akaniambia nile chakula.

Sasa njooni kwa Sibo. Kama kuna kitu kinachonikera kuliko fundi asiyesikia, ni shofere anayesikia kila mtu. Mashofere wa Bugarama walimwambia dawa ya injini inayolia ni mawese. Unachanganya mafuta ya mawese na mafuta ya injini, inakuwa nzito, kelele inazama. Na kweli, kule Bugarama chini, kwenye joto, inaonekana kama inafanya kazi. Wenye kuuza magari mabovu waliijua sana. Lakini Kamembe si Bugarama! Mama yenu akiacha mawese kwenye chupa, asubuhi hapa kwetu anayachota kwa kijiko. Sibo aliyamimina kwenye injini akiwa Bugarama, kelele ikafa, akapanda nyumbani akiimba. Maman Bahati akamletea Mzee shukrani na bakuli la sambaza. Mzee akafurahi, akatutazama sisi kwa jicho la mnaona-basi. Nilikula wale sambaza nikiwa na hasira, na walikuwa watamu.

Ndani ya injini mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ya baridi ule mseto uliganda chini, ukaziba kichungi. Mafuta hayakupanda. Kile kidude cha kukaza sheni, kisichokuwa na nguvu nyingine ila presha ya mafuta, kikalala. Sheni ikacheza inavyotaka, ikavunja patini zilizobaki, ikageukia kifuniko. Dawa iliyonyamazisha ugonjwa ndiyo iliyoumaliza mwili. Kama kuna mmoja wenu anayetia kitu cha jikoni ndani ya injini ya mtu, na nasikia wapo, ajue nitamtaja kwa jina sokoni.

Haukupita muda mrefu. Asubuhi moja pikapu iliingia inapiga kelele ambayo haikunyamaza tena, baridi wala moto, na nyuma imejaa mabeseni ya sambaza wabichi yanayochuruzika. Maman Bahati alishuka mwenyewe, kitenge kimelowa.

"Papa Hamisi, leo sitoke apa," alisema. "Mara ngapi munasema supape? Ii motere ikikufa, niende wapi na bale batoto?"

Mzee akachukua kijiti. Akaweka sikio. Sisi sote tuliosimama mbali tulisikia sheni ikichapa chuma kama mtu anayegonga mlango. Yeye akafumba macho kwa utulivu, na nikajua neno linalokuja. Wakati huo huo Déo, aliyekuwa kwenye gari la jirani, akaangusha kriki kwenye saruji, jeki kubwa ya lori, nyuma kabisa ya mgongo wa Mzee. Maman Bahati aliruka. Sibo aliruka. Kuku waliokuwa chini ya meza walitawanyika. Mzee Hamisi hakugeuka. Alikitoa kijiti sikioni, akakunja mkono wa shati lake, pole pole.

"Supape," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Wengine baadaye walisema masikio yake yaliuawa na mizinga ya ng'ambo, wengine wakasema ni miaka ya kugonga tole, mabati ya magari, bila kuyaziba. Mimi sikuwaza sababu. Nilimwita kwa nyuma, "Mzee." Hakuna. Nikamwita kwa nguvu. Hakuna. Nikazunguka nikasimama mbele yake, na sauti iliyonitoka ilisikika mpaka kwenye maduka ya vitenge.

"Mzee! Si supape! Ni sheni! Patini zimevunjika!"

Mzee alinitazama mdomo.

"Sema tena."

"Ni sheni! Hausikii, Mzee!"

Niliona mkono wake ukikaza kijiti, nikasubiri kinishukie begani. Hakikushuka. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "Tangu lini munajua ni sheni?"

"Tangu mara ya kwanza. Tulikuambia."

"Muliambia nani?"

"Weye, Mzee. Apa apa."

Basi hapo akalipuka. "Muliambia shati zenu! Munaongea kichwa chini, midomo mumebana sawa vile bantu banakula bya kuiba! Ii gari ni ya kwangu? Ni ya uyu maman! Batoto bake banakula juu ya ii motere, na nyinyi munaniletea eshima. Batakula eshima yenu na sombe?"

Kwa mara ya kwanza tulikuwa na ruhusa ya kupiga kelele, na sisi tukainama kutafuta spana.

"Fungueni," akasema.

Tulifungua. Sambaza hawangoji, kwa hiyo Maman Bahati na Sibo waliwaanika kila mahali palipokuwa na bati, juu ya kibanda, juu ya kapo zinazofunika injini za magari ya wateja, hata juu ya teksi ya jamaa mmoja aliyekuja kuchukua gari lake akakuta limekuwa jiko la samaki. Paka wa Kamembe yote walihamia kwetu. Katikati ya harufu ile tulitoa rejeta, feni, mkanda, pampu ya maji. Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mnapoharibu. Buloni, zile bolti za kifuniko, hazilingani urefu. Chukua boksi la karatasi, chora umbo la kifuniko, toboa, kila buloni uichomeke mahali pake. Halafu kuna buloni moja imejificha juu, ndani ya kichwa cha injini, imezama kwenye kidimbwi cha mafuta kisichoonyesha kilicho chini yake. Déo aliwahi kuisahau kwenye gari jingine, akakivuta kifuniko kwa nondo, akavuta, akavuta, akasema kimeshikwa na kutu, mpaka kikapasuka vipande viwili. Siku hii alikwenda moja kwa moja kwenye ile buloni kabla ya nyingine zote, uso umemwiva.

Kifuniko kilipotoka, Mzee alitusukuma kando. Hakutumia kijiti. Aliingiza kidole kwenye mfereji ambao sheni ilikuwa imeuchimba, akaufuata taratibu kutoka juu mpaka chini. Maman Bahati alikuwa ameacha sambaza wake, amesimama na mikono kifuani. Mzee alifika mahali pembamba kuliko pote, akabonyeza kwa ukucha, akabaki hapo.

"Haijatoboka," akasema. "Bado kidogo sana."

Maman Bahati akakaa chini kwenye saruji, hapo hapo kwenye mafuta, na kitenge chake cha sambaza.

Patini mpya Kamembe hazikuwapo. Nilimfungia Maman Bahati kipande kikubwa zaidi cha patini iliyovunjika, akakifunga kwenye pindo la kitenge, akashuka darajani. Lilikuwa limefungwa. Akangoja juani pamoja na wachuuzi wengine mpaka likafunguliwa, akavuka. Bukavu, muuzaji wa kwanza akamwapia kwamba zake ndizo zenyewe. Maman Bahati akaweka kipande chetu juu yake, akaona tundu hazikutani, akaondoka. Akaenda mwingine, na mwingine, mpaka kwenye uwanja mmoja wa magari yaliyokufa, ambako alimsimamia fundi mpaka akafungua injini ya pikapu kama yake na kumtolea patini zenye mgongo wa chuma. Alirudi nazo kesho yake. Nyinyi mna simu yenye picha na bado mnaniletea patini za gari jingine.

Sisi wakati huo tulikuwa na kazi ya karteri. Tuliishusha, tukakuta mawese yameganda ndani yake, ya rangi ya chungwa, na vipande vya plastiki vimezama humo kama nyama kwenye mchuzi. Mzee alitutaka tukitafute kila kipande. Tulivipanga juu ya ubao, kimoja kando ya kingine, mpaka patini zote mbili za zamani zikakamilika bila pengo. Huo ndio utaratibu. Kipande kimoja ukikiacha kitaziba kichungi, na kazi yako yote itakwenda na maji. Mmoja wenu aliniuliza kama si kupoteza muda. Niliondoka, na nilifanya vizuri kuondoka.

Siku zile Mzee hakutamka ugonjwa wa gari lolote. Aliosha vyuma, alivisugua kwa sabuni, alipanga alama za sheni na za magurudumu yake kwa macho yale yale makali. Lakini mtu akimwendea na kitu, alikuwa anatazama midomo, na mtu amezoea kuinamisha kichwa, na tunarudi kule kule. Nilimwona mara mbili akijifanya amesikia.

Asubuhi ya kuwasha tulikusanyika wote. Baridi ilikuwa nzuri kwa kazi ile, ukungu umetoka ziwani. Sibo akapewa ufunguo, na onyo. Mzee Hamisi akasimama mbele ya kapo iliyo wazi, mikono mitupu. Sibo akawasha. Injini ikashika. Ilivuma, na mbele hakukulia kitu, wala mwanzo wala baadaye.

Mzee hakuitazama injini. Alitutazama sisi, uso kwa uso. Na Déo, Mungu amsamehe, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, "Imenyamaza, Mzee."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilijua hakusikia hata silabi moja.

Maman Bahati ndiye aliyemsukuma Déo. Alipita katikati yetu, akamshika Mzee Hamisi bega, mwanamke asiyekuwa bintiye wala mkewe, mbele ya watu, akamwinamia sikioni na kupiga kelele kwa nguvu zote za mtu anayeita mtumbwi:

"PAPA! IMENYAMAZA! BATOTO BATAKULA!"

Mzee akafumba macho. Machozi yakashuka, akayafuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na mstari mweusi shavuni. "Basi," alituambia sisi, "muongee sawa vile uyu maman anaongea."

Toka siku ile gereji yetu ilikuwa yenye makelele kuliko zote Kamembe. Mzee alitamka ugonjwa, na sisi tulimpigia kelele sikioni kwamba ndiyo au kwamba sivyo, na alifanya kazi hivyo mpaka mwisho wake. Wapita njia walituona watu wasio na adabu. Na nyinyi, kila nikipita kwenye gereji zenu kusema neno, mnavua kofia na kuniambia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, huku mnatazamana. Sikio langu la kushoto limekwisha kufa, na la kulia linafuata. Pazeni sauti.